"Ukiomba waongeze watakunyang'anya ofa" na mengine tunayodanganyana kabla ya kusaini

Kwenye uongo tunaoambiana kuhusu kujadili mshahara wa kazi mpya, hii ya kunyang'anywa ofa ndo inaongoza kwa hiyo tuanze nayo. Mtu kapita usaili wa kwanza, wa pili, kafanya na ule mtihani wa kuandika, simu inaita anaambiwa hongera umepata na mshahara ni huu, hapohapo hata pumzi hajashusha anajibu "nashukuru sana, nakubali". Ukimuuliza mbona hujaomba hata kidogo anakwambia aliogopa wasije wakampa mwingine.

Haya angalia upande wa pili wa meza. Kampuni imetangaza nafasi, imepokea sivii za watu kibao ikazichambua, mameneja wameacha kazi zao kuja kukaa kwenye usaili, wakabishana, wakakuchagua wewe, wakaenda kuomba kibali cha bajeti. Yule aliyeshika namba mbili pengine keshapata kwingine, na kama hajapata basi kuna sababu iliyomfanya awe namba mbili. Nani anataka kurudia huo mzunguko wote kisa umeuliza swali moja kwa adabu? Mara nyingi hutokea moja kati ya haya: wanakubali, wanakutana na wewe katikati, au wanasema hapana hapo ndo mwisho wetu, na ofa inabaki palepale ilipokuwa.

Ila nisiwadanganye, kuna ofa zinaondolewa kweli. Kisa kilichopigiwa kelele sana ni cha 2014 huko Marekani, mtu alipewa nafasi ya kufundisha falsafa kwenye chuo kimoja kidogo, akajibu kwa imeili akiomba vitu vitano kwa mpigo: mshahara uongezwe, likizo ya uzazi ya muhula mzima, likizo ya utafiti mapema, masomo mapya ya kuandaa yasizidi matatu kwa mwaka kwa miaka ya mwanzo, na aanze kazi mwaka mmoja baadaye. Chuo kikamjibu kwamba inaonekana moyo wake upo kwenye vyuo vya utafiti na sio chuo cha kufundisha kama chao, ofa ikafutwa. Watu walibishana wiki nzima nani mkosaji. Mimi nikiisoma ile orodha sioni ombi hata moja la ajabu, kila moja peke yake ni la kawaida kabisa kwa watu wa vyuo, kilichoharibu ni rundo. Yote matano pamoja, kwenye maandishi makavu, kwa watu wasiokujua, yanasomeka kama mtu ambaye hiyo kazi yenyewe haitaki. Kwa hiyo hatari ipo ila haiko kwenye kuuliza, iko kwenye namna ya kuuliza.

Na namna yenyewe wala sio ngumu. Kitu kama hiki, kwa simu ikiwezekana: "Nashukuru sana kwa ofa, kazi nimeipenda na watu niliokutana nao nimewapenda. Kwa majukumu tuliyoongea, hasa hilo la kusimamia watu wanne ambalo kwenye tangazo halikuwepo, nilikuwa nategemea tuwe kwenye 950,000. Tunaweza kuliangalia hilo?" Halafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo wengi tunafeli, ukimya wa sekunde tano unatutisha tunaanza kujishusha wenyewe, "lakini hata 870 sio mbaya, ni wazo tu, msijali". Yani mtu anajadiliana na nafsi yake huku mwajiri anasikiliza tu. Ona pia kwamba sababu imetoka kwenye kazi. Kodi ya nyumba na ada za watoto ni shida za kweli ila kila anayeomba kazi anazo, meneja hawezi kwenda nazo kwa bosi wake akaombee hela, lakini "tumemuongezea majukumu" anaweza.

"Usitaje namba wewe kwanza, anayetaja kwanza kapoteza"

Hii ina ukweli nusu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walielezea jaribio ambalo watu walizungushiwa gurudumu lenye namba, afu wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Gurudumu likisimama kwenye 10, makisio ya katikati yalikuwa 25. Likisimama kwenye 65, yakawa 45. Gurudumu! Kila mtu aliliona likizunguka mbele yake na bado namba yake iliwavuta. Sasa kama namba ya bahati nasibu inavuta hivyo, namba iliyotajwa kwa sababu kwenye mazungumzo ya mshahara itavuta zaidi, na anayetaja kwanza ndo anaamua mazungumzo yatazunguka wapi.

Kwa hiyo swali la msingi ni je soko unalijua. Kama umeulizia kwa watu watatu wanne wenye kazi kama hiyo na umeangalia matangazo yenye mishahara, taja kwanza, taja juu ila pawe pa kuaminika. Kama hujui kitu, ni kweli nyamaza, waulize "bajeti mliyoiweka kwa nafasi hii ni kati ya ngapi na ngapi?", sio swali la aibu, wanaulizwa kila siku. Na kama utataja renji basi namba ya chini iwe ndo ile unayoitaka kweli, maana ukisema "kati ya 800 na 950" mwenzio kasikia 800 tu, hiyo nyingine imepita na upepo.

Ndugu yake na hii ni ile ya kwamba ukiulizwa unalipwa ngapi sasa hivi lazima useme. Inategemea ulipo. Jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria 2016, ikaanza kufanya kazi 2018, inayomkataza mwajiri kuuliza mshahara wako wa zamani kabla hajakupa ofa yenye mshahara ndani, na majimbo mengine kadhaa ya Marekani yakafuata. Umoja wa Ulaya nao una agizo la 2023 linalokataza swali hilo na kutaka mwombaji aambiwe renji ya mshahara mapema, nchi wanachama zikapewa hadi Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Hoja yake inaeleweka, ukiwa ulipunjwa kazi ya kwanza halafu ya pili wakapanga kwa kuangalia ya kwanza, unatembea na kupunjwa kwako maisha yote. Sehemu ambayo swali linaruhusiwa bado unaweza kulikwepa kistaarabu, "majukumu ni tofauti kidogo, ningependa tuangalie thamani ya kazi hii", ila kudanganya usidanganye, kuna wanaokuja kuomba hati ya mshahara mwishoni na hapo hutakuwa na pa kutokea.

"Laki moja sio ishu, nitaongezewa nikishaingia ndani"

Hapa naomba tupige hesabu taratibu maana ndo panaponiuma. Chukua watu wawili, kazi ileile, mmoja kaanza na 800,000 kwa mwezi na mwingine kaomba akaanza na 900,000. Kila mwaka wote wanaongezewa asilimia 5, hakuna upendeleo. Baada ya nyongeza kumi wa kwanza yuko kama 1,303,000 na wa pili kama 1,466,000. Pengo lililoanza laki moja sasa ni kama laki moja na elfu sitini na tatu kila mwezi, na wala hakuna aliyefanya kazi vizuri kuliko mwenzie. Ukijumlisha miaka kumi ya kwanza, aliyenyamaza kakosa kama milioni 15. Hapo bado bonasi na michango ya pensheni, ambazo mara nyingi nazo hukokotolewa kama asilimia ya mshahara uleule. Nyongeza za ndani hupangwa kwa asilimia na zina bajeti ndogo ya kugawana watu wote, ndo maana kuruka kutoka 800 kwenda 900 ukiwa ndani kunaweza kuchukua miaka, wakati ukiwa nje bado hujasaini ni simu moja.

Afu kuna lile neno tamu, "tuanze na hii, baada ya miezi sita tutakuangalia". Linaweza kuwa kweli. Ila aliyekuahidi anaweza kuhama idara, anaweza kuacha kazi, au akasahau tu kama binadamu. Mwambie hamna shida, naomba tuiweke kwenye barua ya ofa kwamba mshahara utapitiwa tarehe fulani kwa vigezo fulani. Akikataa kuandika kitu alichokuahidi kwa mdomo dakika mbili zilizopita, umeshapata jibu lako. Vivyo hivyo na "bonasi hadi asilimia 20", hilo neno hadi linabeba na sifuri ndani yake, uliza miaka miwili mitatu iliyopita watu wa nafasi hiyo walipata ngapi kweli.

Kuhusu mshahara ghafi na ule unaoingia mfukoni nadhani wengi tunajua ila bado watu wanasaini wakidhani namba ya kwenye barua ndo itakayosoma kwenye akaunti, kumbe bado kodi, pensheni, bima. Uliza makato yote kabla. Ukikuta mshahara mdogo ila mwajiri analipa bima ya familia nzima na anachangia pensheni vizuri, unaweza kuuzidi ule mkubwa mtupu.

Na kama hela kweli imegoma (taasisi zenye madaraja ya mishahara yaliyopangwa huwa hawadanganyi, hawawezi kumzidishia mtu mmoja) mazungumzo hayajaisha. Unaweza kuomba waangalie uzoefu wako upya uingie daraja la juu au hatua ya juu ndani ya daraja hilohilo, hapo ndo pana mwanya. Tarehe ya kuanza, siku za kufanyia kazi nyumbani, hiyo safari uliyoshalipia mwezi wa nane, hela ya kuhama, cheo kitakavyosomeka. Chagua kimoja au viwili, kumbuka yule wa falsafa.

Nyingine inayonikera ni kwamba wanawake wanalipwa kidogo kwa sababu hawaombi. Utafiti uliotoka 2018 kwa data za wafanyakazi wa Australia ulikuta kwamba mkilinganisha watu wenye kazi na saa zinazofanana, wanawake wanaomba kama wanaume tu, tofauti ni kwamba wanakubaliwa mara chache zaidi. Na majaribio yaliyochapishwa 2007 yalionyesha mwanamke akijadili mshahara anahukumiwa vibaya zaidi kuliko mwanaume aliyesema maneno yaleyale. Kwa hiyo kumwambia dada "we jiamini tu uombe" ni ushauri wa nusu, tatizo lingine liko kwa anayeombwa.

Kudanganya kwamba una ofa nyingine? Usijaribu. Jibu la "basi hongera, chukua hiyo" lipo na linatolewa kwa tabasamu.

"Wameshanipigia simu, naandika barua ya kuacha kazi leo"

Ngoja kwanza jamani. Ofa nyingi zina masharti: waangalie wadhamini wako, wahakiki vyeti, vipimo vya afya, wakati mwingine kibali cha juu bado hakijasainiwa na aliyekupigia alikuwa na haraka ya furaha. Mpaka hayo yaishe na uwe na karatasi yenye sahihi za pande zote, kazi uliyonayo ndo kazi yako. Mpangilio ni ofa ya maandishi, masharti yaishe, usaini, ndo uandike notisi, na tarehe ya kuanza uipange baada ya notisi yako kuisha, maana kuna watu wanaahidi kuanza tarehe moja wakati mkataba wao wa zamani unadai miezi miwili.

Wakikwambia jibu leo hii, omba siku mbili tatu, mwajiri wa kawaida anatoa. Asiyetoa hata siku moja ya kusoma mkataba wa miaka, mi ningejiuliza anaogopa nisome nini. Soma muda wa majaribio na notisi yake, soma ovataimu, soma kama bonasi ya kusaini inarudishwa ukiondoka kabla ya mwaka, na soma hasa kile kipengele cha kutofanya kazi kwa washindani. Watu wanakipita wakisema "hii ni fomu ya kawaida ya kila mtu". California vipengele vya namna hiyo kwa wafanyakazi havina nguvu kisheria, msimamo huo wanao tangu 1872, sehemu nyingine kinaweza kukufungia fani yako mwaka mzima. Kujadili kipengele ni sawa na kujadili hela tu, unaweza kuomba mwaka uwe miezi mitatu.

Bosi wa sasa naye akisikia unaondoka ghafla bajeti inapatikana, anakupa kontaofa, yani anakuongezea ili usiondoke. Sio kila kontaofa ni mtego kama wanavyosema, ukiwa ulikuwa unaondoka kwa sababu ya hela tupu na hela imekuja kwa maandishi, kubaki sio dhambi. Ukiwa ulikuwa unaondoka kwa sababu yake yeye, hiyo nyongeza haijambadilisha.

Na ukiamua kuikataa ofa waliyokupa usipotee kimya ukidhani wataelewa wenyewe, huenda kuna mtu wa namba mbili anasubiri simu. Piga au andika siku hiyohiyo uliyoamua, shukuru, sababu ya mstari mmoja inatosha, na kama umeshaamua huendi hata wakiongeza basi usiwaombe waongeze.