Mbwa Wako Ahasiwe Lini, na Nani Aachwe Azalishe

Mteja akiniuliza kama mbwa wake ahasiwe, humuuliza kwanza kama ni jike au dume, akikua atafikisha kilo ngapi, na kama hutoka nje ya geti peke yake. Wengine huona ninakwepa swali. Ukweli ni kwamba bila majibu hayo sina ushauri wowote wa kitaalamu wa kumpa.

Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba mbwa yeyote asiyekusudiwa kuzalishwa afanyiwe upasuaji akiwa na umri wa karibu miezi sita. Ushauri huo ulipata nguvu Marekani, ambako vituo vya wanyama vilijaa watoto wa mbwa wasio na mwenyewe na wengi waliishia kuuawa kwa sindano. Sisi wa Afrika Mashariki tuliurithi pamoja na vitabu vya upasuaji, bila kuuliza sana kama German Shepherd anayelala nyuma ya ukuta Nairobi yumo katika hali hiyohiyo.

Kwa bahati nzuri, aina hiyo ya mbwa, ambayo hapa kwetu hupendwa kwa ulinzi, imechunguzwa vizuri. Mwaka 2016 Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za matibabu za zaidi ya German Shepherd 1,000. Madume wasiohasiwa waliopatikana na angalau ugonjwa mmoja wa viungo walikuwa asilimia 7, ilhali waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja walifikia asilimia 21. Kwa majike, tofauti ilikuwa kati ya asilimia 5 na 16. Sababu yake inaeleweka. Homoni za uzazi huchangia kuzifanya ncha za mifupa mirefu zifunge na kuacha kukua, hivyo zikiondolewa mapema mifupa huendelea kurefuka na mkao wa viungo hubadilika kidogo, na kwa mbwa wa kilo 35 kidogo hicho kinatosha kuumiza nyonga au kukata kano ya goti. Takwimu hizi zilitoka katika hospitali ya chuo, inayopokea wagonjwa wa rufaa na wenyewe walio tayari kulipa, kwa hiyo sizichukulii kama sheria. Hata hivyo, mwaka 2020 timu hiyohiyo ilipanua kazi yake hadi aina 35, na mbwa wadogo kwa jumla hawakuonyesha ongezeko hilo la magonjwa ya viungo. Kwa German Shepherd walipendekeza kusubiri hadi apite miaka miwili, nami hushauri hivyo pale ambapo mbwa hatoki.

Jike, hata hivyo, hulipia kusubiri huko. Nchini Sweden, ambako hadi mwaka 1988 haikuruhusiwa kuhasi mbwa bila sababu ya kitabibu, kumbukumbu za bima zimeonyesha kwamba karibu robo ya majike walipata usaha katika mji wa mimba kabla ya kutimiza miaka kumi. Ni ugonjwa unaoua. Jike hunywa maji kupita kawaida na kukataa chakula wiki chache baada ya kipindi cha joto, yaani cha kutaka dume, na upasuaji wake wa dharura ni wa hatari na wa gharama kuliko ule uliopangwa. Kuhusu saratani ya matiti, takwimu za mwaka 1969 zinazorudiwa kila mahali, kwamba kuhasi jike mapema humkinga na saratani hiyo, zimewahi kupitiwa upya na ushahidi wake ukaonekana dhaifu, kwa hiyo siwatishi wateja kwa takwimu hizo.

Mbwa anayezurura ni suala jingine kabisa. Kwake hatari ya nyonga ni ndogo ikilinganishwa na magari, mapigano na ule uvimbe wa saratani unaoambukizwa mbwa wanapopandana, ambao tunautibu kwa sindano za vinkristini za kila wiki, mwenyewe akijitahidi kutokosa hata moja. Huyo nitamfanyia upasuaji mapema bila kusita. Lakini kuhasi hakukingi kichaa cha mbwa. Kinachokomesha ugonjwa huo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo zima.

Wapo wanaohofia kwamba dume akihasiwa ataacha kulinda. Majike hulinda nyumba kila usiku bila korodani yoyote.

Kuhusu kuzalisha, ile imani kwamba jike lazima azae mara moja ili awe na afya haina msingi wa kitabibu. Ninayekubali azalishe ni yule ambaye picha za eksirei za nyonga, zikipigwa akiwa amekomaa, zinaonyesha kiungo kinachokaa vizuri, na ambaye mwenyewe amekubali kukaa na watoto hadi wiki nane badala ya kuwauza wakiwa na tano ili kuokoa gharama ya chakula. Cheti cha ukoo pekee hakithibitishi lolote kuhusu nyonga. Mtindo wa kuazimana dume kwa malipo ya mtoto mmoja, bila kuuliza kama wazazi ni ndugu, umenipa wagonjwa wengi. Dume ambaye korodani moja haikushuka asipandishwe hata akiwa na umbo la kushinda maonyesho, kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa. Huyo lazima atolewe zote mbili, maana iliyobaki tumboni huelekea kuota uvimbe.