Chama cha wafanyakazi si mgomo: kisa cha watu sita wa Tolpuddle

Kila ikikaribia Mei Mosi hakosi mtu wa kuandika kwamba vyama vya wafanyakazi viliundwa ili watu wagome, na kama ushahidi anawataja "wale wakulima sita wa Tolpuddle waliofungwa Uingereza mwaka 1834 kwa kuunda chama na kugoma". Sentensi moja, makosa matatu. Walikuwa vibarua, mashamba yalikuwa ya watu wengine. Hawakugoma hata siku moja. Na kosa lililowatia hatiani halikuwa kuunda chama.

Chama cha wafanyakazi ni watu wanaofanya kazi ya kuajiriwa walioungana kwa hiari, wakachagua viongozi na kulipa ada, ili wazungumze na mwajiri kwa sauti moja kuhusu ujira, saa na masharti ya kazi. Matunda yake, mambo yakienda vizuri, ni mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri. Mgomo ni hatua ambayo chama kinaweza kuichukua mazungumzo yakikwama. Kuna vyama vimekaa miaka na miaka bila kugoma, na kuna watu wamegoma bila kuwa na chama chochote.

Sasa twende Tolpuddle. Ni kijiji kidogo cha mkoa wa Dorset, kusini mwa Uingereza, kando ya mto Piddle. Miaka ya 1830 kibarua wa shamba pale alikuwa akilipwa shilingi 9 kwa wiki. Zikawa 8, zikawa 7, kisha wenye mashamba wakatangaza kuwa zitashuka hadi 6. Mwaka 1833 George Loveless, kibarua na mhubiri wa Kimethodisti, alishirikiana na wenzake kuanzisha chama cha kusaidiana cha vibarua wa mashambani. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, na ada peni moja kwa wiki.

Yaliwezekana hayo kwa sababu sheria iliruhusu. Zile sheria za 1799 na 1800 zilizopiga marufuku wafanyakazi kuungana zilifutwa mwaka 1824. Mwaka uliofuata Bunge lilikaza kamba tena, lakini kuungana ili kuzungumzia ujira na saa za kazi kulibaki halali. Hakimu wa eneo lile, James Frampton, mwenye ardhi kubwa na mtu aliyeogopa vibarua wanaokutana usiku, alilijua hilo. Alimwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani, Lord Melbourne, na njia iliyopatikana ilikuwa ya kuzunguka: sheria ya 1797 dhidi ya viapo haramu, iliyotungwa baada ya mabaharia wa jeshi la majini kuasi. Sheria ya kukomesha uasi melini ikashushwa juu ya watu waliokuwa wakibishania shilingi moja ya wiki!

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Mwanachama mpya aliapishwa katika chumba cha juu nyumbani kwa Thomas Standfield. Alifungwa kitambaa machoni, akapigishwa magoti, akasomewa maneno, akaapa kutunza siri za chama. Kitambaa kilipofunguliwa alijikuta akitazamana na picha ya kiunzi cha mifupa ya binadamu. Kwetu leo inaonekana kama uganga, lakini zama zile vyama vya kusaidiana vilikuwa na mbwembwe za aina hiyo, na siri ilikuwa na faida yake: mwajiri akilijua jina lako, kazi huna. Kosa walilosomewa mahakamani ni hilo, kuapisha watu kwa siri.

Walikamatwa alfajiri ya Februari 24, 1834: George na mdogo wake James Loveless, Thomas Standfield na mwanawe John, James Hammett na James Brine. Mwezi Machi mahakama ya Dorchester iliwahukumu miaka 7 ya kupelekwa ng'ambo, kutumikia adhabu katika makoloni ya Uingereza huko Australia. George alipelekwa Tasmania, wengine watano New South Wales. Aprili maelfu ya watu waliandamana London kuwatetea, na Machi 1836 serikali ikawasamehe, ingawa Hammett hakufika nyumbani hadi 1839. Watano baadaye walihamia Kanada. Hammett peke yake ndiye aliyerudi kuishi Tolpuddle. Alifia katika nyumba ya maskini ya Dorchester mwaka 1891, akazikwa kijijini. Kaburi lake halikuwa na jiwe la maana mpaka mwaka 1934, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uingereza lilipoadhimisha miaka 100 na kujenga pale nyumba sita za vibarua wastaafu, kila moja ikiwa na jina la mmoja wao.

Kwa Kiingereza huitwa mashahidi, kwa maana ya waliojitoa mhanga, ingawa hakuna aliyeuawa. Hilo silipigii kelele. Jina limeshazoeleka, na kila Julai watu hukusanyika kijijini kwa tamasha lenye jina hilo. Ninaloomba ni dogo tu. Mwenye kuandaa hotuba ya Mei Mosi akitaka kuwataja, aseme walihukumiwa kwa kiapo, chama chao kikiwa halali na hakijagoma. Na redio ikitangaza kwamba chama fulani kimetoa notisi ya mgomo, kabla ya kusema "hawa kazi yao kugoma", angalau tuulize mazungumzo yalianza lini, na ni upande gani ulioondoka mezani.