Je, wajua? Jino hung'olewa huku warfarini ikiendelea kumezwa

Mjomba wangu wa Mikindani anaishi na valvu bandia ya moyo, na kila jioni humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye valvu hiyo. Gego lilipoanza kumnyima usingizi, nilimshauri kwa kujiamini kabisa: "Mjomba, ziache kwanza hizo za kuyeyusha damu, hata siku tatu, usije ukamwaga damu kwenye kiti cha daktari." Daktari wa meno alipoambiwa hakucheka. Aliuliza tu ni nani aliyesema hivyo.

Kosa langu la kwanza limo kwenye hilo jina tunalolitumia sote. Warfarini haiyeyushi damu, wala haiifanyi nyepesi. Damu ya mjomba haina wepesi wowote kuliko yangu. Kinachobadilika ni muda inaochukua kuganda.

Mfikirie fundi wa majahazi anapotia kalafati. Ufa ukionekana, anaushindilia pamba iliyolowekwa mafuta. Jerahani, chembe sahani, yaani vipande vidogo vya damu vinavyonatana, ndizo zinazowahi kuziba, halafu nyuzi za protini zinakuja kukaza ile ziba. Protini za kuzitengeneza nyuzi hizo hutoka kwenye ini, na nne kati yake hazikamiliki bila vitamini K. Hizo ndizo pamba zetu, na vitamini K ndiyo mafuta. Warfarini haimfukuzi fundi. Inampimia mafuta kwa kijiko. Kalafati bado inatiwa, ila taratibu.

Tena haigusi pamba iliyokwisha kulowekwa. Ndiyo maana dawa huchukua siku kadhaa kushika, na ukiiacha huchukua kama siku tano nguvu yake kuisha. Siku tatu zangu zingemwacha mjomba katikati: kinga imepungua, damu bado haigandi kama ya mtu mwingine. Na akianza tena, anasubiri siku nyingine kadhaa.

Kosa la pili ni la mahali. Tundu la jino linaonekana na linafikiwa kwa kidole: unang'ata pamba, unashonwa, basi. Bonge la damu likiota kwenye valvu, au likisafiri hadi ubongoni na kuleta kiharusi, hakuna wa kulibana kwa kidole.

Kama mdomoni kuna kiyeyushaji, basi ni mate. Yana vimeng'enya vinavyolimeng'enya bonge changa, na ndiyo sababu baadhi ya madaktari humpa mgonjwa asidi ya traneksamiki, dawa inayolilinda bonge lisimeng'enywe, asukutue. (Na warfarini yenyewe iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Hilo sikumwambia mjomba.)

Kinachoangaliwa kabla ya kung'oa ni INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani. Asiyetumia dawa hupata karibu 1. Wengi wanaotumia hulengwa kati ya 2 na 3, na wenye valvu bandia wakati mwingine zaidi kidogo. Miongozo ya Uingereza inaruhusu kung'oa ikiwa chini ya 4, kipimo kikiwa kimechukuliwa ndani ya saa 24. Hiyo ni kwa meno machache. Ukitaka kung'oa mengi kwa mkupuo, au ini lina matatizo, hesabu inabadilika. Kwa dawa mpya za kuzuia damu kuganda, kama rivaroksabani na apiksabani, ushahidi bado mchanga, na daktari anaweza kusogeza dozi ya asubuhi. Kuzisogeza mwenyewe ni kurudia ushauri wangu.

Hatari nyingine huja baada ya jino kutoka. Metronidazoli, inayoandikwa sana kwa usaha wa meno, huipandisha nguvu warfarini. Ibuprofeni nayo huongeza uwezekano wa kutoka damu. Kwa maumivu, paracetamol ndiyo huchaguliwa kwanza. Hata mboga zina neno, maana kisamvu kina vitamini K. Hakikatazwi, ila kiasi kisirukeruke.

INR ya mjomba ilikuwa 2.6. Aling'ata pamba nusu saa, damu ikakata, na jioni akameza kidonge chake. Mkate wa kumimina aliokuwa ameagiza ulibaki kwangu.