Embe kuchovywa maji ya moto: joto lifike kwenye kokwa

Wauzaji wa maembe pale soko la Kongowea, Mombasa, wakisikia kwamba embe la kusafirishwa nje huchovywa maji ya moto ili kuua funza wa inzi wa matunda, swali huwa moja: halipikiki? Mimi huwajibu kwamba linakaribia kupikika, na ugumu wa kazi uko hapo hapo.

Inzi wa matunda anayetusumbua zaidi ni Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa huku Pwani mwaka 2003. Hutaga mayai chini ya ganda, na funza hula nyama kwa ndani, mahali ambapo dawa ya kupuliza haimfikii. Ni kwa ajili yake Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014. Zamani Marekani ilitegemea kufukiza matunda kwa kemikali ya ethilini dibromaidi, ikaipiga marufuku mwaka 1984 kwa hofu ya saratani. Joto likachukua nafasi yake.

Kwa maembe ya Mexico, Marekani hutaka maji ya nyuzi 46.1 za Selsiasi. Embe la mviringo lisilozidi gramu 500 hukaa dakika 75. Hadi gramu 700, dakika 90. Hadi gramu 900, dakika 110. Joto hupenya nyama polepole, na funza aliyejibanza karibu na kokwa ndiye wa mwisho kufikiwa. Changanya embe boribo kubwa na dogo kwenye tangi moja, kubwa litatoka na funza hai. Mimi mtu akinionyesha tangi la bei ghali kabla ya mizani ya kupimia maembe, namtilia shaka.

Ukizidisha nyuzi chache, ganda huungua. Embe changa hunywea karibu na kikonyo hata kipimo kikiwa sawa, kwa hiyo lichaguliwe lililokomaa lakini bado gumu. Wala usilikimbize kwenye maji baridi mara tu likitoka: joto lililobaki ndani bado linaua. Kanuni hiyo hiyo ya Marekani husema usubiri dakika 30, au uongeze dakika 10 ndani ya maji ya moto.

Njia hii haiachi sumu, lakini haiachi kinga pia. Embe lililopoa laweza kutagwa upya jioni hiyo hiyo, ndiyo maana hufungashwa ndani ya chumba chenye wavu na milango miwili, wa ndani usifunguliwe kabla wa nje haujafungwa. Makreti ya shambani yabaki nje.