Babu alikua chifu na pia Mmethodisti? Mtafute mara mbili

Kazi yangu ni kutafutia watu historia za koo zao hapa Nairobi, na mteja ananifurahisha zaidi ni yule anaingia akisema babu yetu alikua chifu alafu alikua mtu wa kanisa sana. Mtu kama huyo aliandikwa na serikali na pia akaandikwa na kanisa, na hizo karatasi mara nyingi haziskizani, hapo ndo utamu uko.

Shida ya kwanza ni jina. Watu hukimbilia Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la Bank of India kati ya Moi Avenue na Tom Mboya, wanaitisha mafaili ya wilaya wakitafuta "Stefano" na hawaoni kitu mpaka jioni. Sasa bana, DC, yule mkuu wa wilaya wa serikali ya ukoloni, hakua na habari ya Stefano, yeye alimjua kwa jina la nyumbani na la babake. Jina la ubatizo liko kwa rejista ya kanisa, na ukibahatika jina la zamani limeandikwa kando yake, hio ndo inaunganisha hao watu wawili wawe mmoja.

Alafu ujue kanisa lenyewe lilibadilisha jina. Wamethodisti waliingia Ribe kule pwani 1862, Meru wakafika Kaaga 1912, lakini misheni hizo zilikua za tawi dogo la Uingereza ambalo lilikuja kuungana na wenzake 1932. Barua nyingi za wamisheni ziko London, maktaba ya chuo kinaitwa SOAS, na ukitafuta chini ya jina moja tu utakosa nusu.

Kuna mteja mmoja wa Meru alileta kitabu cha darasa kimetoka kwa sanduku la shosho yake. Darasa kwa Wamethodisti ni kile kikundi kidogo cha waumini chenye kiongozi wake, mtindo ulianzia Bristol 1742 wakati wafuasi wa John Wesley walikua wanachangisha peni moja kwa wiki walipe deni la jengo. Ukurasa haukua na tarehe, majina yameshuka kushoto, wiki zimepangwa juu, na michango iko kwa rupia. Rupia peke yake inakuambia mengi, juu 1920 iliondolewa ikaja florini kidogo alafu shilingi, kwa hivyo tulijua tuko kabla ya hapo. Kurasa za baadaye ni shilingi, na hapo jina la babu limetolewa kwa washiriki kamili likapelekwa kwa walio kwa majaribio.

Familia ilikua imeambiwa aligombana na mmisheni. Faili ya wilaya ikasema ingine: ripoti ya DC mmoja akikabidhi kazi kwa mwenzake inamsifu babu kama chifu mpya, mkali kwa kodi ya nyumba, na inataja boma la bibi yake wa pili. Ndoa ya pili kanisa lingemshusha tu, hata kama ni yeye alikua analipia mabati ya kanisa.

Na usiamini sifa haraka. Sheria ya 1912 ilimpa chifu nguvu ya kuzuia utengenezaji wa pombe, na Mmethodisti wa kweli hagusi pombe, kwa hivyo karatasi za kanisa zitamsifu kwa kumwaga mitungi. Soma pia minutes za Local Native Council, yale mabaraza ya wenyeji ya wilaya, yalianzishwa kwa sheria ya 1924 na DC ndo alikua mwenyekiti, uone mitungi ilikua ya kina nani na ya ndugu zake iliguswa ama haikuguswa. Huyu wetu, mitungi ya shemeji yake haitajwi mahali popote, na mimi nadhani hio si bahati.

Sasa wajukuu wanabishana kama watoto wa boma la pili waingie kwa mti wa ukoo. Mimi nishawachora, wakitaka kufuta watafute mtu mwingine.