Profesa si lazima awe daktari wa kukutibu
Ujumbe huu huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp jijini Nairobi mwaka nenda mwaka rudi: “Profesa wa shule ya udaktari amethibitisha…”, kisha hufuata dawa. Wengi huamini profesa ndiye daktari mkubwa kuliko wote. Sivyo.

Uprofesa ni cheo cha chuo, hutolewa kwa ufundishaji na utafiti. Leseni ya kutibu ina njia yake: miaka 6 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa mafunzo kazini hospitalini, halafu usajili, ubingwa huongeza miaka kadhaa. Anayewafundisha wanafunzi wa udaktari biokemia, yaani kemia ya viumbe hai, anaweza kuwa profesa hodari na asiruhusiwe kumwandikia mtu dawa hata ya malaria. Wapo wenye vyote viwili, ndiyo maana watu huchanganya. Tena “Dkt.” huandikwa pia na mwenye shahada ya uzamivu (PhD) ya fani yoyote.

Rejista ya madaktari iko wazi mtandaoni. Tafuta majina kamili, soma fani ya ubingwa, kisha tazama kama leseni ni ya mwaka huu. Hata jina likiwemo, huenda limeazimwa tu na mwandishi wa ujumbe. Ujumbe usiotaja jina kabisa hauna cha kuhakikiwa, usiusambaze.