Prabda Yoon: hadithi zilizotoka kwenye meza ya msanifu

Anayeanza kumsoma Prabda Yoon, mwandishi wa hadithi fupi wa Tailandi, huambiwa kwanza kwamba aliwaiga Wamarekani. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewapotosha wengi. Kwa maoni yangu ufunguo uko kwingine. Prabda alisomea usanifu wa michoro kabla hajawa mwandishi, na hadi leo anaitazama sentensi kama kitu kinachokalia eneo fulani la karatasi.

Alizaliwa Bangkok mwaka 1973 katika nyumba ya wanahabari. Baba yake, Suthichai Yoon, ni miongoni mwa waanzilishi wa The Nation, gazeti la Kiingereza la Tailandi. Mama yake, Nanthawan, alikuwa mhariri wa Lalana, jarida la wanawake. Kijana akapelekwa Marekani, akasoma sekondari Massachusetts, kisha usanifu jijini New York, kwanza Parsons, halafu Cooper Union. Huko alifundishwa na Milton Glaser, aliyebuni ile nembo ya New York yenye moyo mwekundu, na Robert Breer, mtengenezaji wa filamu za majaribio ambazo picha moja huweza kuruka hadi nyingine isiyohusiana nayo. Nikisoma jinsi Prabda anavyokata hadithi katikati na kuhamia kwingine bila kuaga, namkumbuka Breer kuliko mwandishi yeyote.

Alirudi nyumbani mwaka 1998 kutimiza wajibu wa jeshi. Julai 1997 sarafu ya baht ilikuwa imeachwa ielee na ikaporomoka, na Bangkok aliyoikuta ilikuwa na maghorofa yaliyosimama nusunusu. Mwaka 2000 akatoa mikusanyiko miwili: Muang Moom Chak, wenye hadithi za New York, na Khwam Na Cha Pen, ambao mwaka 2002 ulimpatia S.E.A. Write, tuzo ya waandishi wa Asia ya Kusini-Mashariki, kabla hajafikisha miaka 30. Kule Tailandi tuzo hii huzunguka kati ya riwaya, ushairi na hadithi fupi, kwa hiyo zamu ya hadithi fupi hufika kila baada ya miaka 3. Ndiyo maana mshindi huchukuliwa kama kipimo cha ladha ya kipindi kizima, na mabishano huwa makali.

Safari hiyo yalikuwapo ya kubishania. Tangu maandamano ya wanafunzi ya Oktoba 1973 na mauaji ya Chuo Kikuu cha Thammasat ya Oktoba 6, 1976, hadithi fupi yenye heshima ilitarajiwa kuwa fasihi kwa ajili ya maisha: mkulima, kibarua, dhuluma, na msimamo wa mwandishi ukiwa wazi. Prabda akaja na vijana wa mjini wanaobishana juu ya vitu vidogo. Hata hivyo, kusema alizua kila kitu ni kumwonea Win Lyovarin, msanifu majengo aliyeshinda kwa hadithi fupi mwaka 1999, naye alikuwa ameshacheza sana na umbo la hadithi.

Sasa tuingie ndani ya hadithi zenyewe. Maandishi ya Kithai hayaachi nafasi kati ya neno na neno. Maneno hufuatana yakiwa yameshikana, na nafasi huwekwa pale wazo au sentensi inapokoma. Katika "Miss Space", msimulizi aliye ndani ya basi anamwona msichana akiandika, na kinachomvuta ni mianya mipana anayoiacha kati ya maneno yake. Kwa msomaji wa Kithai hilo ni jambo la ajabu papo hapo. Kwa msomaji wa Kiingereza au Kiswahili, aliyezoea nafasi kila mahali, mshangao haupo mpaka ajue kanuni hiyo, na asipoijua ataiona hadithi nzima kama porojo za kijana anayetongoza.

"Pen in Parentheses" inaendeleza mchezo huo kwa alama nyingine. Mabano yanafunguliwa mapema, na karibu hadithi yote, pamoja na kumbukumbu za utotoni, inakaa ndani yake. Soma bila kukatiza. Ukiiweka chini katikati, utasahau kwamba bado uko ndani ya mabano, na kufungwa kwake hakutakupa chochote. Katika "Marut by the Sea" mhusika anamlalamikia Prabda kwa jina na kuwaonya wasomaji wasimwamini.

Wasomaji waliofunzwa kuchambua fani na maudhui hukwama hapa, kwa kuwa huitafuta dhamira kwanza na fani huiacha iwe pambo. Kwa Prabda anza na fani. Chukua "The Crying Parties": marafiki wanakusanyika kula pilipili hadi walie, na aliyeanzisha karamu hizo ameshafariki. Hakuna anayetamka neno huzuni kwa kirefu. Machozi yapo, lakini sababu yake ni pilipili, na umbali huo kati ya chozi na sababu ndio hadithi.

Ile nusu ya ukweli kuhusu athari za nje iko kwenye kazi yake ya tafsiri. Amewafasiri kwa Kithai waandishi wa riwaya Salinger, Nabokov na Burgess, wawili wa mwisho wakiwa mafundi wa kuchezea sauti na maneno. Pia aliandika filamu ya Last Life in the Universe (2003) pamoja na mwongozaji wake, Pen-Ek Ratanaruang, kisha Invisible Waves (2006), na baadaye akaongoza zake mwenyewe. Mazungumzo ya filamu hizo ni machache mno ukilinganisha na wahusika wake wa vitabuni, ambao hawanyamazi.

Kwa asiyesoma Kithai, mlango ni The Sad Part Was (2017), uliofasiriwa kwa Kiingereza na Mui Poopoksakul, hadithi nyingi zikitoka kwenye mkusanyiko ulioshinda tuzo. Anza na karamu za kulia, halafu mabano, kisha basi. Hadithi ya Marut iache mwishoni, kwa kuwa malalamiko yake hayana uzito kwa mtu ambaye hajaonja vitimbi vya mwandishi. Moving Parts (2018), ambao kila hadithi yake inahusu kiungo cha mwili, ni mkavu zaidi na ucheshi wake ni wa kikatili. Msomaji mpya anaweza kuusubirisha.